Mkazakhi na Mkazakhstani: majibu ya maswali yenu kuhusu utaifa wa Kazakhstan

Maswali ya safari hii yote yanahusu Kazakhstan, nchi ya Asia ya Kati iliyokuwa jamhuri ya Umoja wa Kisovyeti mpaka ilipojitangazia uhuru tarehe 16 Desemba 1991, ya mwisho kabisa kati ya jamhuri zote. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Kitabu kimoja kinasema "Mkazakhi", kingine "Mkazakhstani". Ni kitu kimoja, au ni mbwembwe za watafsiri? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

Ni vitu viwili, na tofauti hiyo ndiyo inayowagombanisha wenyewe. Mkazakhi (kwao qazaq) ni mtu wa asili ya Kikazakhi, hata kama kazaliwa Xinjiang huko China na hajawahi kuikanyaga Kazakhstan. Mkazakhstani (qazaqstandyq) ni raia wa nchi, awe Mkazakhi, Mrusi, Muuzbeki, Mkorea au Mjerumani. Mama wa asili ya Kikorea aliyezaliwa Almaty ni Mkazakhstani. Ukimwita Mkazakhi atakusahihisha, kama Mkazakhi aliyesimama karibu naye hajamtangulia.

Mzizi wa jambo uko kwenye makaratasi ya Kisovyeti. Kiswahili chetu kikisema utaifa kinafikiria dola: Mtanzania, Mkenya, Mrundi. Neno la Kirusi natsionalnost linafikiria asili, na liko karibu zaidi na "kabila" letu kuliko "uraia". Pasipoti za ndani zilipoanzishwa mwaka 1932 kila mwenye pasipoti aliandikiwa asili yake. Kijana wa miaka 16 ambaye baba ni Mrusi na mama ni Mtatari alichagua mojawapo. Hakuruhusiwa kuandika "Msovyeti", wala kujiita kwa jina la jamhuri aliyozaliwa. Kwenye fomu za kazi kipengele hicho kilikuwa cha tano, ndiyo maana mpaka leo watu husema "mstari wa tano" na kila mtu anaelewa. Msomaji wa Rwanda naye ataelewa upesi, maana anakijua kitambulisho cha kikoloni kilichoandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa, kilichofutwa baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Lakini Wasovyeti walienda hatua moja mbele: kila asili kubwa waliyoichagua waliipa jamhuri yenye jina lake. Umoja ulipovunjika, nyumba zikabaki na mwenye nyumba mmoja kwa jina, na wapangaji wengi waliozaliwa humohumo.

Katiba ya 1995 ilijaribu kuwabeba wote. Utangulizi wake ulianza na "sisi, watu wa Kazakhstan", kisha hapohapo ukasema dola inajengwa juu ya ardhi ya asili ya Wakazakhi. Ibara ya 19 ilimpa mtu haki ya kutaja asili yake au kutoitaja. Bendera nayo imegawanyika vilevile: anga la buluu, jua lenye miale 32 na tai ni vya wote, ule utepe wa dhahabu ubavuni ni nakshi ya Kikazakhi ya pembe za kondoo dume. Mwaka 2009 serikali ilitoa rasimu ya waraka wa umoja wa taifa iliyozungumzia "taifa la Wakazakhstani". Waandishi na wanaharakati wa Kikazakhi, mshairi Mukhtar Shakhanov akiwa mstari wa mbele, walisema hiyo ni kuwafuta kwa kalamu, wakatishia kugoma kula. Waraka uliopitishwa 2010 ulikuwa umelainishwa sana.

Inakuwaje watu wawe wachache katika nchi yenye jina lao? (Msomaji, Bujumbura)

Walikuwa wachache kweli. Sensa ya 1959 iliwakuta Wakazakhi asilimia 30 tu ya wakazi, na Warusi karibu asilimia 43. Sensa ya mwisho ya Kisovyeti, ya 1989, iliwapa Wakazakhi asilimia 39.7 na Warusi 37.8. Ya 2021: Wakazakhi asilimia 70.4, Warusi 15.5.

Mambo mawili yaliwafanya wachache. La kwanza ni njaa ya 1930 hadi 1933, kwao Asharshylyk. Wakazakhi walikuwa wahamaji wa nyika, na mali yao ni mifugo. Chama cha Kikomunisti, kikiongozwa huko na Filipp Goloshchekin, kilitaka watulie mahali pamoja, mifugo iingizwe kwenye mashamba ya pamoja, na nyama na nafaka zipelekwe mijini kwa viwango vilivyopangwa ofisini. Hesabu haikukubali. Mnyama wa nyika huishi kwa kuhama: majira ya baridi yana malisho yake, ya joto yana yake. Ukikusanya maelfu ya kondoo pahala pamoja bila nyasi zilizokatwa wala mazizi, wanakufa baridi ya kwanza. Mifugo iliyokuwa kama milioni 40 ilishuka chini ya milioni 5 ndani ya miaka michache. Watu kama milioni 1.5 walikufa, wengi wao sana Wakazakhi, yaani zaidi ya theluthi ya Wakazakhi wote, na mamia ya maelfu walikimbilia China, Mongolia na jamhuri za jirani.

La pili ni watu walioletwa kwa nguvu. Wakorea zaidi ya 170,000 waliondolewa Mashariki ya Mbali ya Urusi mwaka 1937 na kumwagwa Kazakhstan na Uzbekistan. Wajerumani wa bonde la Volga wakafuata 1941. Wachecheni na Waingushi 1944. Kisha mwaka 1954 ukaja mradi wa kulima nyika za kaskazini kwa ngano, nao ukavuta malaki ya watu kutoka Urusi na Ukraine, hawa wengi kwa hiari.

Wakazakhi waliongezeka tena kwa sababu tatu zilizokutana: wanazaa zaidi, hasa kusini, Warusi na Wajerumani wengi waliondoka baada ya 1991 (Wajerumani walikuwa karibu milioni moja mwaka 1989, leo ni laki mbili na ushee, kwa kuwa Ujerumani iliwafungulia mlango), na Wakazakhi wa nje walirudishwa.

Msomaji wa Tanzania anaweza kushangaa mbona asilimia hizi zinajulikana hadi nukta. Zinajulikana kwa sababu sensa ya huko huuliza asili. Ya Tanzania iliacha kuuliza kabila baada ya 1967.

Je, Wakazakhi wenyewe wana makabila? (Msomaji, Mombasa)

Wana juz tatu, yaani makundi makubwa ya koo: Kuu, upande wa kusini na kusini-mashariki, ya Kati, kaskazini na mashariki, Ndogo, magharibi kwenye mafuta. Kila juz ina koo zake, kama Dulat, Argyn, Naiman, Adai. Mtoto hufundishwa majina ya mababu saba, jeti ata, na walio na babu mmoja ndani ya vizazi hivyo saba hawaoani. Pembeni ya juz wapo Töre, uzao wa Genghis Khan, na Qoja, wanaojinasibisha na Waislamu wa kwanza waliotoka Uarabuni. Wa pwani atawatambua mara moja. Masharifu wapo kila mahali.

Usiisome kila habari ya uteuzi wa waziri kwa miwani ya juz. Wachambuzi wa nje hupenda sana njia hiyo kwa kuwa ni rahisi.

Kama wanataka kuachana na Urusi, mbona rais anaitwa Tokayev na si jina la Kikazakhi? (Msomaji, Nairobi)

Jina ni la Kikazakhi, mkia ndio wa Kirusi. Makarani wa dola ya Urusi na baadaye wa Kisovyeti walichukua jina la baba au babu, wakalibandika -ov au -ev, likawa jina la ukoo. Jina la baba nalo likawekewa -ovich kwa mwanamume na -ovna kwa mwanamke. Kazi hiyo Wakazakhi walikuwa wakiifanya kwa -uly na -qyzy, ambazo ni bin na binti zetu, ila zinakaa nyuma ya jina badala ya mbele.

Amri ya rais ya Aprili 1996 iliruhusu Wakazakhi kuiondoa mikia hiyo. Tuseme babu ni Ospan, baba ni Bolat Ospanov, mtoto ni Arman. Mtoto ana njia tatu. Abaki Arman Ospanov. Au akate mkia tu: Arman Ospan. Au aache ukoo wa Kirusi kabisa na kuwa Arman Bolatuly, yaani Arman bin Bolat. Wapo pia wanaochanganya, na rais mwenyewe ni mmoja wao: kwa Kikazakhi anaandikwa Qasym-Jomart Kemeluly Toqayev, jina la baba likiwa na -uly na la ukoo likibaki na mkia wake.

Ugumu huanza baada ya ofisi ya vizazi kukubali. Kitambulisho kipya hakilingani na cheti cha shule, hati ya nyumba, akaunti ya benki wala viza iliyokwisha kugongwa, na kila kimoja kinafuatwa kwenye dirisha lake. Njia ya tatu ina kasoro yake: jina la ukoo hubadilika kila kizazi, kwa hiyo Bolat Ospanuly ana mtoto Arman Bolatuly, na afisa wa uwanja wa ndege wa nchi ya mbali anauliza kwa nini baba na mwana hawana jina moja. Wenye watoto wanaosafiri hubeba cheti cha kuzaliwa. Wengi huona usumbufu huo si wa mtu mzima mwenye hati ishirini, wakambadilishia mtoto mchanga tu. Ndiyo maana kwenye orodha za darasa la kwanza mikia ya Kirusi ni michache kuliko kwenye orodha za wastaafu.

Kwa nini wanabadilisha herufi kila mara? Na je, wamekwisha kuhamia herufi za Kilatini? (Mwalimu, Zanzibar)

Hawajamaliza kuhama. Kwa Mswahili swali hili liko karibu, maana lugha yetu nayo ilitoka herufi za Kiarabu ikaingia za Kilatini, ila sisi tulihama mara moja.

Kikazakhi kiliandikwa kwa Kiarabu mpaka 1929. Mwanaisimu Akhmet Baitursynuly alikuwa amezirekebisha herufi hizo vizuri, akiongeza alama za irabu, kwa kuwa Kiarabu cha kawaida kina irabu chache mno kwa lugha ya jamii ya Kituruki. Yeye mwenyewe alipigwa risasi na dola mwaka 1937. Mwaka 1929 zikaja herufi za Kilatini, kisha 1940 za Kisirili, yaani za Kirusi. Mtu aliyesoma mwaka 1925 alijikuta hajui kusoma mara mbili kabla ya kufika utu uzima. Mjukuu wake hawezi kusoma barua zake.

Alfabeti ya Kisirili ya Kikazakhi ina herufi 42: zote 33 za Kirusi na tisa za ziada. Za Kirusi zimo hata zile ambazo hazina kazi ila kwenye maneno ya Kirusi, na huko ndiko kunakowachoma wazalendo: neno la Kirusi lazima liandikwe kama Mrusi anavyoliandika, halitiwi kwenye kinywa cha Mkazakhi. Sisi tulipopokea "skuli" na "shule" tulizitamka tulivyoweza na kuziandika tulivyozitamka.

Oktoba 2017 rais wa kwanza wa nchi, Nursultan Nazarbayev, alitia sahihi alfabeti ya Kilatini ambamo sauti tisa zilipewa alama ya mkato juu. Ң, ambayo ndiyo ile ng' ya ng'ombe, ikawa n'. Sh ikawa s'. Chupa, ambayo Kikazakhi huiita shisha (ndiyo, neno lilelile), ikawa s'i's'a. Jina la nchi likawa Qazaqstan Respy'bli'kasy. Sisi tunaiishi ng' na mkato wake bila shida, lakini ni sauti moja. Ukiwa na tisa, karibu kila neno lina mkato, na kompyuta huuchukulia mkato kama mwisho wa neno: utafutaji unakatika, anwani za tovuti zinagoma. Rasimu iliyotangulia, ya mwezi mmoja nyuma, ilitumia herufi mbilimbili, na ndani yake karoti ikawa saebiz, ambayo jicho la msomaji wa Kirusi linaiona kama tusi. Vichekesho viliizika rasimu hiyo kabla ya wataalamu.

Februari 2018 mikato ikaondolewa, zikaja alama za kuegemea kama á na ń, pamoja na sh na ch. Mwaka 2021 likaja toleo jingine la herufi 31, lenye ä, ö, ü, ğ, ñ na ş, linalofanana na Kituruki. Ratiba ikasogezwa hadi 2031, na Tokayev amekuwa akisisitiza kwamba hakuna haja ya kukimbizana. Kwa maoni yetu kusitasita huko ni busara. Uzbekistan jirani ilipitisha herufi za Kilatini mwaka 1993, na mpaka leo watoto wanasoma Kilatini shuleni huku wazazi wakisoma Kisirili magazetini.

Kwao Kirusi si sawa na Kiingereza kwetu? Waking'oe tu wakiinue Kikazakhi kama tulivyoinua Kiswahili. (Msomaji, Dar es Salaam)

Mfano huo unavutia lakini unavunjika sehemu mbili. Kiingereza Tanzania ni lugha ya shule na ofisi. Ni wachache mno walioimbiwa bembelezi kwa Kiingereza. Kirusi kule ni lugha ya nyumbani kwa mamilioni, wakiwemo Wakazakhi wa mjini ambao wenzao huwaita shala qazaq, Wakazakhi nusu. Pili, Kiswahili kilikubalika kirahisi kwa sababu hakuna kabila kubwa la bara lililoweza kudai ni chake. Kikazakhi kina mwenyewe, tena mwenye wingi. Mrusi au Mjerumani akikijifunza anajua anajifunza lugha ya nani.

Kisheria, Katiba ya 1995 ilikifanya Kikazakhi lugha ya dola, na Kirusi kikatumika rasmi kwenye ofisi za umma sambamba nacho. Anayetaka urais lazima akimudu Kikazakhi, na tume humpima kwa kusoma, kuandika na kuzungumza. Katika uchaguzi wa 2011 wagombea kadhaa waliishia kwenye mtihani huo. Kwa mtumishi wa kawaida shinikizo ni dogo. Ofisi nyingi zimekuwa zikiandika waraka kwa Kirusi kwanza, kisha mfasiri anautoa kwa Kikazakhi kilichokakamaa ambacho hata Mkazakhi humlazimu asome Kirusi chake ndipo aelewe.

Naenda Almaty kutoka Dubai kwa mapumziko. Nijifunze salamu za lugha gani? (Msomaji, Dubai)

Almaty na kaskazini Kirusi kitakufikisha popote. Ukishuka Shymkent, Turkistan au Kyzylorda, Kikazakhi ndicho kitakachokufungulia nyuso. Salamu ya heshima ni sälemetsiz be. Wanaume wakikutana husema assalamu alaykum, nawe utajibu ulivyozoea. Asante ni raqmet, ya asili moja na rehema yetu.

Angalia mabango ya maduka. Sheria ya lugha ya 1997 iliamuru Kikazakhi kikae kushoto au juu, Kirusi kulia au chini, herufi za ukubwa mmoja. Marekebisho ya mwishoni mwa 2021 yakakifanya Kikazakhi kiwe cha lazima na Kirusi cha ziada panapohitajika. Makosa ya kawaida ni Kikazakhi kilichotafsiriwa na mashine, na wapita njia hukipiga picha na kukisambaza. Mwaka huohuo wa 2021 vijana kadhaa walizunguka madukani na kamera wakiwabana wauzaji kwa nini hawahudumii kwa Kikazakhi, mpaka maofisa wa Moscow wakalalamika. Serikali ya Kazakhstan iliwakemea vijana hao, ikabana mabango. Kwa mgeni hakuna hatari. Jambo moja tu: usiseme Kikazakhi ni aina ya Kirusi. Hakina udugu nacho hata kidogo. Ndugu zake ni Kikirgizi, Kitatari na Kituruki.

Wakazakhi wa nje wanarudije, na wanapokewa vipi? (Msomaji, Toronto)

Zaidi ya milioni moja wamerudi tangu 1991, wengi kutoka Uzbekistan, kisha China, Turkmenistan na Mongolia. Mwanzo waliitwa oralman, yaani mrejea. Neno likageuka tusi la mtaani, basi sheria ya 2020 ikaleta qandas: qan ni damu, na -das ni mwenza. Ndugu wa damu, ungesema.

Utaratibu kwa ufupi: mwombaji anapeleka maombi, maelezo ya maisha yake na hati inayothibitisha kwamba ni Mkazakhi. Akikubaliwa hupata cheti cha qandas cha mwaka mmoja, na ndani ya muda huo anaomba uraia kwa njia iliyofupishwa. Anayekubali kuhamia mikoa iliyopangwa na serikali, hasa kaskazini, hupata msaada wa fedha. Uraia wa nchi mbili hauruhusiwi, kwa hiyo ule wa zamani unaachwa.

Kinachokwamisha ni hiyo hati ya asili. Wanaotoka China ni rahisi, kwa kuwa kitambulisho cha China huandika asili ya mtu. Mstari wa tano unarudi tena kama funguo. Kwingine ambako hauandikwi, mtu hutafuta vyeti vya wazee. Akishafika, Mkazakhi wa China hukuta mtihani wa pili: yeye anaandika Kikazakhi kwa herufi za Kiarabu, zile za Baitursynuly, na Kirusi hakijui. Anazungumza Kikazakhi safi kuliko jirani yake wa mjini, lakini hawezi kusoma fomu ya kuombea kazi.

Na wapo raia ambao mlango huu hauwahusu. Wadungani, Waislamu wenye asili ya China, wamekaa nchini tangu karne ya 19. Februari 2020 vijiji vyao vya Korday vilivamiwa. Watu 11 walikufa, wengi wao Wadungani, na maelfu wakavuka mpaka kuingia Kyrgyzstan. Baraza la Watu wa Kazakhstan, lililoundwa 1995 kusimamia maelewano ya asili zote, limekuwa na ngoma nzuri na nyumba za urafiki kila mkoa. Korday ilionyesha ngoma zinafika wapi.

Mji mkuu ulihamishwa kama Dodoma? (Msomaji, Dodoma)

Kwa kasi zaidi. Bunge liliamua 1994, serikali ikahama Almaty Desemba 1997. Sababu zilizotajwa ni matetemeko ya ardhi na ufinyu wa Almaty. Ambayo haikutajwa kwa sauti ni kuwapeleka Wakazakhi kaskazini, kulikokuwa na Warusi wengi. Mji huo umeitwa Akmolinsk, Tselinograd, Akmola, Astana tangu 1998 (maana yake ni "mji mkuu" tu), Nur-Sultan tangu Machi 2019 kwa heshima ya Nazarbayev aliyekuwa kajiuzulu siku chache nyuma, na Astana tena tangu Septemba 2022.

Urusi inaweza kuwafanyia yaliyoipata Ukraine? (Wasomaji wanne tofauti)

Hofu ipo, na haikuanza 2022. Mpaka wa nchi hizi mbili una kilomita kama 7,600, na katika mkoa wa Kazakhstan ya Kaskazini Warusi ni karibu nusu. Agosti 2014 Vladimir Putin alisema Wakazakhi hawakuwahi kuwa na dola kabla ya Nazarbayev. Jibu halikuja kwa matusi: mwaka uliofuata nchi nzima ilisherehekea miaka 550 ya ufalme wa Kikazakhi, ikihesabu tangu 1465. Mwaka uleule wa 2014 ulianza mpango wa kuwasomesha vijana wa kusini kwenye vyuo vya kaskazini, kwa matumaini wabaki huko. Sheria ya jinai inaadhibu miito ya kujitenga.

Mkataba wa mpaka ulitiwa sahihi Januari 2005, na hicho ni kitu ambacho Kazakhstan hukitaja kila inapochokozwa. Juni 2022, akiwa jukwaa moja na Putin huko St Petersburg, Tokayev alisema hatazitambua Donetsk na Luhansk, maeneo ya Ukraine yaliyojitenga kwa msaada wa Urusi. Lakini miezi mitano tu kabla ya hapo aliita majeshi ya muungano unaoongozwa na Urusi kutuliza machafuko ya Januari yaliyoua watu 238 kwa hesabu rasmi. Yanayosemwa na nchi yenye jirani wa aina hiyo hupimwa pamoja na inayoyafanya.

Wasomaji wengi husahau hofu ya pili, ya China. Maandamano makubwa ya 2016 hayakuhusu Urusi, yalihusu mashamba: serikali ilitaka kuwakodisha wageni ardhi kwa miaka 25, na waliohofiwa ni Wachina. Iliahirisha, na mwaka 2021 sheria ikapiga marufuku kabisa kuwauzia au kuwakodisha wageni ardhi ya kilimo.

Sikukuu yao ya taifa ni ipi, 25 Oktoba au 16 Desemba? (Msomaji, Kampala)

Tangu 2022 sikukuu kuu ni 25 Oktoba, Siku ya Jamhuri, kukumbuka tamko la mamlaka la 1990. 16 Desemba imebaki Siku ya Uhuru, ila imepunguzwa kutoka siku mbili hadi moja. Tarehe hiyo ni nzito. Ni siku ambayo mwaka 1986 Moscow ilimwondoa kiongozi wa jamhuri, Mkazakhi Dinmukhamed Kunayev, na kumweka Gennady Kolbin, Mrusi ambaye hakuwahi kufanya kazi nchini humo, na vijana waliojaa uwanjani Almaty wakapigwa na kufungwa. Tarehe hiyohiyo mwaka 2011, polisi wa Zhanaozen waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa mafuta waliokuwa wamegoma kwa miezi. Ukimwandikia rafiki wa huko pongezi, mwandikie Oktoba. Desemba mwulize kwanza.